Deni la kiwanja Kasulu: maskini anaweza kupata nyumba, maskini anaweza kuipoteza

MKULIMA anayeingia mjini Kasulu asubuhi kutoka Kitanga au Heru Ushingo, magunia yake ya maharage yakiwa juu ya gari, hupita kwenye viwanja vya aina mbili. Vipo vilivyojengwa, nyumba ya matofali ya kuchoma na bati jipya, na mbele yake kibanda cha duka. Na vipo vyenye msingi ulioota nyasi, rundo la mawe lililoanza kuzama ardhini na mbuzi wa jirani akichunga humo kana kwamba ni pake.

Kiwanja cha aina ya pili si mali ya mbuzi. Kina jina kwenye jalada la ofisi ya ardhi, na kila ifikapo tarehe 1 Julai, mwaka wa fedha unapoanza, jina hilo linaandikiwa kodi nyingine ya pango la ardhi juu ya ile ya mwaka uliopita. Mwenye jina huenda ni mtumishi aliyehamishwa zamani, au mfanyabiashara aliyefilisika. Huenda pia ni marehemu ambaye watoto wake hawajafungua mirathi.

Wakati huohuo, ndani ya mji, mwalimu mpya, fundi baiskeli, mama anayeuza dagaa wa Kigoma na mkulima aliyekuja kuuguza mtoto hospitalini wote wanagombea chumba kimoja cha kupanga. Kwa mtu yeyote anayejua kujumlisha, swali linakuja lenyewe. Kama mwenye kiwanja hataki kukilipia wala kukijenga, kwa nini kisichukuliwe na kupewa kikundi au shirika lisilo la faida litakalowajengea watu wa kipato cha chini?

Swali hilo si la kipuuzi. Zipo nchi zinazofanya hivyo, na Marekani imefanya kwa miaka zaidi ya 50. Lakini jibu lake kwa Kasulu na Kibondo lina mtego ndani yake, na mtego huo unawahusu wakulima na wafanyabiashara wadogo kuliko mtu mwingine yeyote.

Kodi mbili zinazochanganywa

Kabla ya kwenda mbali, ni vizuri kutenganisha kodi mbili ambazo watu wengi huziita kwa jina moja la "kodi ya nyumba".

Ya kwanza ni kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 kodi hii hukatwa kwenye umeme wa LUKU. Nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Nyumba ya ghorofa ilianza kwa 5,000 kwa kila ghorofa na sasa ni 7,500 kwa mwezi. Anayenunua umeme amelipa, na asiyelipa hapati uniti. Kwa mfumo huo ni vigumu mtu kulimbikiza deni la miaka kumi, ingawa umezaa ugomvi wake, kwa kuwa mara nyingi anayenunua umeme ni mpangaji ilhali kodi ni ya mwenye nyumba. Kibondo na Kasulu, ambako umeme wa Gridi ya Taifa ulifika mwaka 2022 baada ya miaka ya majenereta, ugomvi huo bado ni mpya.

Ya pili ni kodi ya pango la ardhi, na hii ndiyo yenye meno. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Mwenye hati hamiliki udongo. Anayo haki ya kuutumia kwa muda, mara nyingi miaka 33, 66 au 99, kwa masharti. Masharti makubwa kwa kiwanja cha mjini ni mawili, kulipa kodi ya pango kila mwaka na kukiendeleza ndani ya muda uliopangwa, ambao kwa kawaida ni miezi 36.

Shamba la kijijini liko chini ya sheria nyingine, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka huohuo wa 1999. Huko halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli, na hati yake ni ya haki miliki ya kimila. Kwa hiyo mkulima wa Kitanga mwenye ekari zake nne za mahindi na mihogo asihofu kwamba habari hii inaligusa shamba lake. Inamgusa pale anapovuna vizuri, akapata bei nzuri ya maharage, akaamua kununua kiwanja mjini ili mtoto wake anayesoma sekondari apate pa kulala.

Anayeshindwa kulipa anapata nini

Mwenye hati asiyelipa pango hupelekewa ilani ya madai. Asipoijali, Serikali inaweza kumfikisha katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ili deni likazwe, na kwa miaka ya karibuni Wizara ya Ardhi imekuwa ikiwapeleka huko wale inaowaita wadaiwa sugu. Njia nyingine ni nzito zaidi, nayo ni kubatilisha milki. Hapo mwenye hati hupewa notisi ya siku 90 ajieleze au arekebishe kosa lake, na asipofanya hivyo Kamishna wa Ardhi hupendekeza, kisha Rais hubatilisha. Si mkurugenzi wa halmashauri mwenye uwezo huo, wala diwani, wala mwenyekiti wa mtaa, hata kama mmoja wao atatamka hivyo mbele ya mkutano.

Milki ikishabatilishwa, ardhi inarudi mikononi mwa Serikali na inaweza kugawiwa upya kupitia kamati ya ugawaji ardhi. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hakuna mahali sheria inaposema kwamba kiwanja kilichorudi kitapewa maskini, wala kikundi, wala shirika la hisani. Kinaingia kwenye foleni moja na viwanja vingine, na anayekipata ni yule mwenye fedha za kulipia ada zote kwa wakati. Mradi wa viwanja 20,000 wa Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2002, ulionyesha jambo hilo waziwazi. Viwanja vilipimwa vingi na kwa utaratibu mzuri, lakini sehemu kubwa iliishia kwa watu wenye uwezo, kwa sababu bei na masharti ya malipo yalimpita mtu wa kipato cha chini.

Kwa mashamba makubwa hali imekuwa tofauti kidogo. Katika utawala wa Rais John Magufuli, kuanzia mwishoni mwa 2015, hati za mashamba kadhaa yaliyotelekezwa zilibatilishwa, mengine yakiwa Morogoro na Tanga, na baadhi ya ardhi hiyo wakagawiwa wananchi. Lakini hiyo ilikuwa ardhi ya kulima. Kiwanja cha mjini chenye deni hakijawa na utaratibu wake wa kuwafikia wasio na nyumba.

Kuna pingamizi jingine ambalo Kibondo wanapaswa kulijua, kwa kuwa ni wilaya iliyozoea mashirika ya kigeni tangu kambi za wakimbizi za miaka ya 1990. Sheria ya Ardhi inaihesabu taasisi ambayo wamiliki wake wengi si raia kuwa si raia. Na asiye raia hagawiwi ardhi kama raia, kwani mlango wake ni wa uwekezaji. Shirika kutoka nje linaweza kuleta mabati, saruji na mafundi, lakini jina litakaloandikwa kwenye hati ya nyumba za wananchi linapaswa kuwa la Watanzania wenyewe, kupitia ushirika wao au taasisi yao iliyosajiliwa nchini.

Walikoanza Wamarekani

Mji wa St. Louis ulianzisha chombo chake cha kupokea nyumba na viwanja vyenye deni la kodi mwaka 1971. Watu walikuwa wakihama, nyumba zikibaki tupu, kodi hailipwi na mnada haupati mnunuzi. Mji ukaona ni heri uzichukue wenyewe kuliko kuziacha zibomoke.

Mfano unaotajwa zaidi ni wa Flint, katika jimbo la Michigan, mji uliojengwa na viwanda vya magari vya General Motors na ukadhoofika vilipofungwa. Zamani, nyumba ikidaiwa kodi huko, deni lake liliuzwa kwa walanguzi, nao walikaa nalo miaka bila kufanya lolote ila kusubiri riba. Sheria ya mwaka 1999 ikabadilisha utaratibu, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kaunti ya Genesee ikaunda benki ya ardhi. Benki hiyo haitunzi fedha. Inapokea nyumba na viwanja vilivyochukuliwa kwa deni na kuvisafisha madai yote. Baada ya hapo inabomoa palipooza, inakarabati panapofaa, au inamuuzia jirani kiwanja kilicho ubavuni mwa nyumba yake. Mashirika yasiyo ya faida hununua hapo kwa bei ndogo na kujenga nyumba za watu wa kipato cha chini.

New York nayo ilianza mpango wake mwaka 1996. Jengo lenye deni kubwa la kodi na hali mbaya lilihamishwa moja kwa moja kwenda kwa taasisi za makazi, zikiwemo zisizo za faida, ambazo zilikarabati na kupangisha kwa bei ya chini. Kwenye karatasi mpango ulikuwa mzuri, na wapangaji wengi walipata mabomba ya maji na paa lisilovuja.

Kisha malalamiko yakaanza, na kufikia mwaka 2018 yakawa makubwa, hasa Brooklyn. Ilionekana kwamba mji ulipochukua jengo moja bovu lenye deni kubwa, ulichukua pia majirani waliodaiwa kidogo katika kitalu hichohicho. Waliopoteza nyumba hawakuwa matajiri waliozitelekeza. Walikuwa wazee, wengi wao Wamarekani weusi, walioishi humo miaka mingi, na baadhi hawakujua kuwa barua zilitumwa. Maskini mmoja alinyang'anywa ili maskini mwingine apewe.

Michigan kulikuwa na kesi ya aibu zaidi. Mtu mmoja alipoteza nyumba kwa sababu ya upungufu wa dola 8 na senti 41 katika kodi yake. Kaunti ya Oakland iliiuza nyumba hiyo kwa dola 24,500 na kubaki na fedha zote. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya jimbo hilo ikasema hilo haliwezekani na kwamba ziada ni ya mwenye mali. Miaka mitatu baadaye, Mei 2023, Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema hivyohivyo kwa nchi nzima, bila jaji hata mmoja kupinga, katika kesi ya bibi Geraldine Tyler wa Minnesota aliyekuwa na umri wa miaka 94. Kodi aliyodaiwa awali ilikuwa kama dola 2,300. Riba na adhabu zikaifikisha karibu 15,000. Nyumba ikauzwa 40,000, na kaunti ikala zote. Majaji wakasema kaunti ichukue inachodai na si zaidi ya hapo.

Mambo hayo yanapaswa kusomwa taratibu na mtu yeyote anayetaka utaratibu kama huo uje Kasulu. Kwao nyumba na kiwanja ni mali ya mtu, hivyo ziada inaonekana wazi na inaweza kudaiwa mahakamani. Kwetu ardhi ni ya umma. Thamani inayobaki kwa mtu ni ya kile alichokiweka juu ya ardhi, yaani nyumba, msingi, kisima au miti. Mwenye msingi ulioota nyasi ana kitu kidogo sana cha kudai, hata kama kiwanja hicho kimepanda bei mara kumi tangu apewe.

Bei nazo zinapanda. Barabara ya lami ya kilomita 260 kutoka Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu, inayogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, imewafanya watu waanze kutazama upya viwanja walivyovisahau.

Jina lililobaki nyuma

Mtego uliotajwa mwanzoni uko hapa, na unaeleweka vizuri zaidi kwa mfano.

Mfanyabiashara wa maharage ananunua kiwanja Kasulu kutoka kwa mtumishi wa umma anayehamishwa. Wanaandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, mashahidi wawili wanatia saini, muhuri unagongwa, fedha zinahesabiwa. Mnunuzi anakabidhiwa karatasi ile pamoja na barua ya toleo au nakala ya hati yenye jina la muuzaji. Anarudi nyumbani akiamini amemaliza. Mwaka unaofuata anachimba msingi. Mwaka wa pili bei ya maharage inaanguka, msingi unasimama.

Kwenye jalada la ofisi ya ardhi hakuna kilichobadilika. Mwenye kiwanja ni yule mtumishi, ambaye sasa yuko Mtwara. Deni la pango linakua kwa jina lake. Ilani ikitoka inakwenda kwake, katika sanduku la posta ambalo pengine halilipii tena. Yeye ameshauza na hana haja ya kujibu. Siku 90 zikipita, ofisi inaona mdaiwa sugu aliyetelekeza kiwanja. Inachoshindwa kuona ni mkulima wa Kitanga aliyeweka humo fedha za mavuno ya misimu mitatu.

Kodi ya majengo haiwezi kumwokoa, kwa sababu msingi hauna LUKU. Karatasi ya mwenyekiti wa mtaa nayo, ingawa ina thamani kama ushahidi wa mauziano, si uhamisho wa milki. Uhamisho unakamilika kwa Msajili wa Hati, na haupiti mpaka kodi ya pango iwe imelipwa yote.

Hivyo anayetazama orodha ya viwanja vyenye deni na kusema "hivi vimetelekezwa, tuwape maskini" anaweza kuwa anasoma orodha ya majina ya wauzaji, huku wanunuzi maskini wakiwa wamesimama chini yake bila kuonekana. Kosa la New York lilikuwa hilihili, na Philadelphia wana tatizo la namna hiyo la nyumba ambazo bado ziko kwa jina la babu aliyekufa, wajukuu wakiishi ndani bila hati. Tatizo la jina kubaki nyuma linafanana kote. Uhaba wa kumbukumbu ndio unaofanya letu liwe zito zaidi.

Kibondo ina sura yake. Wilaya hiyo ilipokea wakimbizi kwa wingi kuanzia 1993, na mji ukajaa magari, ofisi na maghala. Mwenye kiwanja alijenga haraka, maana mpangaji alikuwepo na alilipa vizuri. Nduta ilifungwa katika miaka ya mwisho ya 2000, ikafunguliwa tena Oktoba 2015. Mtendeli ilifunguliwa tena Januari 2016, ikafungwa Desemba 2021. Mchumi yeyote atakuambia kuwa nyumba iliyojengwa kwa kumtegemea mpangaji wa aina hiyo ina mapato ya kupanda na kushuka, na kodi ya pango ndiyo deni la kwanza kuahirishwa, kwa kuwa halibishi hodi mlangoni kama mkopo wa benki. Kwa hiyo si kila mdaiwa wa Kibondo ni mzembe.

Walichofanya watu wa Kurasini

Upo mfano wa Kitanzania wa watu wa kipato cha chini kupata ardhi ya kujenga, na haukupitia kwenye kunyang'anya mtu kiwanja.

Upanuzi wa bandari ya Dar es Salaam ulipofika kata ya Kurasini, makadirio yalikuwa kwamba watu wapatao 36,000 wangeguswa. Wenye nyumba walikuwa na fidia ya kudai. Wapangaji, ambao ni wengi na maskini zaidi, hawakuwa na kitu cha kuonyesha. Baadhi yao walikuwa wanachama wa vikundi vya kuweka akiba chini ya Shirikisho la Watu Maskini Mijini, wakisaidiwa na taasisi ya Kitanzania iitwayo Kituo cha Shughuli za Jamii, kinachojulikana zaidi kwa herufi CCI. Badala ya kusubiri waonewe huruma, walitafuta ardhi Chamazi, pembezoni mwa Temeke, wakanunua ekari 30 kwa shilingi milioni 24.

Hesabu yake inavutia. Ni shilingi 800,000 kwa ekari. Kwa mpango wa nyumba takriban 300, gharama ya ardhi tupu ilikuwa kama shilingi 80,000 kwa kaya, fedha ambazo mpangaji wa Dar es Salaam wa wakati ule angeweza kuzimaliza kwa kodi ya miezi michache. Walianzisha ushirika wa nyumba, wakaomba viwanja vidogo kuliko kipimo cha kawaida ili wengi watoshe, wakafyatua matofali wenyewe, na nyumba zikajengwa kwa hatua, vyumba vichache kwanza na vingine baadaye mwenyewe anapopata.

Haikuwa hadithi tamu mwanzo hadi mwisho. Ardhi rahisi iko mbali. Mtu aliyekuwa akibeba mizigo bandarini alijikuta na nauli ambayo hakuwa nayo, na marejesho ya mikopo yakasuasua. Ujenzi ulikwenda polepole kuliko ramani. Barabara, maji na upimaji viligharimu kuliko ardhi yenyewe, jambo ambalo kila mnunuzi wa shamba la kukata viwanja hulisahau. Lakini hakuna aliyetolewa Chamazi ili wao waingie, na hakuna kesi ya mtu anayesema kiwanja kile ni cha baba yake.

Mfano wa pili, wa majirani, unafundisha kitu kingine. Katika mtaa wa Mukuru jijini Nairobi, ardhi iligawiwa watu binafsi miaka ya 1980 kwa masharti ya kujenga viwanda, nao hawakujenga, na wakazi maskini wakajaa juu yake. Hoja kwamba wagawiwa walivunja masharti ilikuwa na nguvu, lakini kesi zilichukua miaka. Mwaka 2017 kaunti iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la upangaji, wakazi wakashirikishwa kuupanga upya mtaa wao. Ardhi yenye mgogoro wa milki ni nafuu kwa sababu ni ngumu, na kikundi kinachotegemea akiba ya mama ntilie hakina fedha za kumlipa wakili miaka kumi.

Kwa Kasulu na Kibondo

Tangu Benki ya Nyumba Tanzania ilipofungwa mwaka 1995, mtu wa kipato cha chini hajapata mahali pa kukopa fedha za nyumba kwa masharti anayoyamudu. Kinachobaki ni VICOBA, SACCOS na ushirika. Kikundi cha watu 30 wanaoweka shilingi 10,000 kila mmoja kwa wiki kinafikisha shilingi 15,600,000 kwa mwaka. Tatizo la hesabu hiyo ni kwamba mkulima hana mshahara wa wiki. Ana fedha maharage ya Januari yanapouzwa, na tena Juni. Kikundi cha nyumba kinachofuata kalenda ya mshahara kitavunjika mwezi wa Machi, wakati gunia la mwisho limekwisha na mbolea inadaiwa. Kinachofuata kalenda ya mavuno, kwa michango miwili mikubwa kwa mwaka na midogo katikati, kina nafasi nzuri zaidi.

Na kama kikundi hicho kinavitamani viwanja vyenye deni, halmashauri ingefanya vyema kuanza kwa kutembea. Kabla ya notisi ya siku 90 kupelekwa Mtwara, afisa ardhi na mtendaji wa mtaa wafike kiwanjani, waulize jirani nani alichimba msingi, na nakala ya notisi ibandikwe hapohapo. Akipatikana mnunuzi aliyeshindwa kubadilisha jina, apewe muda wa kulipa kidogokidogo na kuhamisha milki. Mwaka 2022 Serikali ilitoa msamaha wa riba kwa waliolipa malimbikizo ya pango, kwa hiyo kulegeza si jambo geni. Kiwanja ambacho kweli hakina mtu ndicho kipelekwe kwenye kamati ya ugawaji, na hapo halmashauri ina nafasi ya kutenga sehemu kwa ushirika wa nyumba badala ya kumpa mlipaji wa haraka. Kazi hiyo inahitaji pikipiki, mafuta na siku kadhaa, gharama ndogo ukilinganisha na kesi moja barazani.

Kwa mfanyabiashara aliyekwisha kununua, la kufanya halisubiri halmashauri. Aende ofisi ya ardhi na namba ya kiwanja, namba ya kitalu na jina lililo kwenye hati. Aombe kuonyeshwa deni na apewe namba ya malipo ya Serikali, kisha alipe kwa simu au benki na atunze risiti. Malipo hayo yanapunguza hatari ya notisi, lakini hayabadilishi jina. Jina linahitaji saini ya muuzaji kwenye fomu za uhamisho, picha yake na kitambulisho chake, na kama muuzaji amefariki, msimamizi wa mirathi.

Anayenunua sasa asikubali kulipa senti ya mwisho kabla fomu hizo hazijasainiwa mbele ya wakili au hakimu. Muuzaji akiwa bado Kasulu, saini yake inapatikana kwa soda moja. Akishahamia Mtwara, nauli ya kumfuata huenda ikazidi deni lenyewe.